Mwanzi Unaopanda Miti, na Jina Nililolipoteza



Kwetu Mufindi, msimu wa mvua ukishika, kuna harufu moja ambayo mtu aliyekulia kule haisahau hata akihamia Sinza au Mbezi. Ni harufu ya ulanzi. Asubuhi na mapema wazee wanaingia kwenye vichaka vya mianzi, wanakata ncha ya chipukizi, wanafunga mbeta ya kukinga utomvu, na jioni wanarudi kukata tena kidogo ili utomvu usikauke. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mianzi yake ya ulanzi nyuma ya nyumba, na aliijua mmoja mmoja kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake.

Ni babu huyo huyo aliyenionyesha mwanzi ninaotaka kuwaeleza leo. Nilikuwa darasa la nne, nimekwenda kijijini kwa likizo ya Desemba. Tulikuwa tunarudi kutoka kuokota kuni, tukapita pembezoni mwa msitu wa asili. Babu akasimama, akanionyesha kitu chembamba cha kijani kilichokuwa kinaning'inia toka juu ya mti mkubwa, kina pingili kama muwa uliokonda.

"Huu nao ni mwanzi, mjukuu wangu," akasema. "Ila haujengi nyumba wala hautoi ulanzi. Kazi yake kupanda miti ya wenzake."

Kisha akaniambia jina lake kwa Kihehe. Nikalirudia mara moja ili kumfurahisha, tukaendelea na safari. Jina hilo leo silikumbuki. Shikeni hapo, maana nitalirudia mwishoni.

Kilichonikumbusha habari hii ni kazi. Siku moja mhariri alinipa habari fupi ya kutafsiri, ile ya aina ya "wanasayansi wagundua mmea mpya". Nikaandika kichwa cha habari dakika mbili tu, na neno "wagundua" likakaa pale kwa herufi kubwa. Nilipokuwa kwenye daladala narudi nyumbani nikaanza kujiuliza: hivi ule mwanzi wa babu uligunduliwa na nani? Babu aliujua. Baba yake babu bila shaka aliujua. Sasa kuna siku gani ambayo mtu anaweza kusema, "leo umegunduliwa"?

Nikaanza kusoma. Na nimesoma kwa miezi mingi kuliko nilivyopanga, kwa sababu nimekuta kwamba kusini mwa Tanzania upo kweli mwanzi unaopanda miti ambao dunia ya sayansi haikuwa na jina lake hadi mwaka 1994. Unaitwa Hickelia africana. Historia ya jina hilo ni ndefu, na inapita Paris, Madagaska, London na Berlin kabla ya kurudi nyumbani.

Tuanze na mwanzi wenyewe. Wengi wetu tunadhani mwanzi ni mti. Si mti, ni nyasi. Ni ndugu wa mahindi, mpunga, ngano na muwa. Ndiyo maana mwanzi haunenepi kadiri unavyozeeka kama mwembe unavyonenepa. Chipukizi linatoka ardhini na unene wake wote, kisha linarefuka tu. Duniani kuna spishi zaidi ya 1,600 za mianzi, na nyingi ziko Asia na Marekani ya Kusini. Afrika bara, ukiacha visiwa, mianzi ya asili yenye shina gumu ni michache mno, hata vidole vya mkono mmoja vinatosha kuihesabu.

Upo mwanzi wa milimani, ule wa Mlima Kenya, Aberdare, Rungwe na Rwenzori, ambao machipukizi yake gorila wa Virunga wanayapenda sana. Upo mwanzi wa nyanda za chini, Oxytenanthera abyssinica, ambao ndugu yake wa karibu ndiye anayetupa ulanzi (wataalamu wengine wanasema ni spishi moja, wengine wanasema mbili). Upo Oreobambos buchwaldii, ulioelezwa kutoka Usambara. Upo mmoja wa Afrika Kusini. Halafu ndipo unakuja huu wetu unaopanda miti. Kati ya hiyo mitano, minne inapatikana Tanzania. Nilipolijua hilo nilijisikia fahari kidogo, nikajisikia na aibu pia, maana nimesoma baiolojia hadi kidato cha sita na sikuwahi kulisikia.

Sasa angalieni tarehe na watu. Jenasi ya Oxytenanthera iliandikwa mwaka 1868 na William Munro, mwanajeshi wa Uingereza aliyependa nyasi. Mwanzi wa milimani uliandikwa mwaka 1895 na Karl Schumann, Mjerumani, enzi zile Tanganyika ikiwa koloni la Ujerumani. Mwaka mmoja baadaye, 1896, Schumann huyo huyo akaandika ule wa Usambara na kuupa jina la Buchwald, Mjerumani mwenzake. Yaani ndani ya miaka thelathini hivi, mianzi mikubwa ya kwetu ikawa imeshapata vyeti vyake vya kuzaliwa, na vyote vimeandikwa Ulaya.

Wa kupanda miti ukabaki bila cheti. Schumann alipoandika, haukuwemo. Mwaka 1970, lilipotoka juzuu la kwanza la nyasi katika ule mradi mkubwa wa kuorodhesha mimea yote ya Afrika Mashariki, jina lake lilikuwa bado halijazaliwa. Tumepata uhuru, tumeungana na Zanzibar, tumetangaza Azimio la Arusha, tumepigana vita na Idi Amin, tumeingia mfumo wa vyama vingi, mwanzi bado hauna jina kwenye vitabu. Miaka 98 ilipita toka 1896 hadi 1994.

Kwa nini ulichelewa hivyo? Hapa ndipo niliposhangaa zaidi, na ndipo nilipoelewa kwamba kueleza spishi mpya ni kazi inayofanana sana na yetu ya magazeti, ila yenye masharti makali zaidi.

Kwa mtaalamu wa mimea, kuuona mmea si kuugundua. Unaweza kuuona, ukaupiga picha, ukaupenda, ukauchora tattoo mkononi, bado haujulikani. Ni lazima kwanza ukate sampuli: tawi, majani, na maua kama yapo. Unaibana katikati ya karatasi hadi ikauke. Karatasi zinazotumika kwa kawaida ni magazeti ya zamani, na nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana nimepata kazi ya pili ya makala zangu. Ikishakauka inabandikwa kwenye karatasi ngumu ya takriban sentimita 42 kwa 28, na pembeni panaandikwa ilikatwa wapi, lini, na nani, mwinuko kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Kisha inawekwa kwenye hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa.

Baadaye mtu anakaa na sampuli hiyo, anailinganisha na za ndugu zake wote wanaojulikana, anapima, anahesabu, mpaka aridhike kwamba haifanani na yoyote. Ndipo anaandika maelezo na kuyachapisha. Anatakiwa achague sampuli moja iwe shahidi wa jina. Miaka mia moja baadaye mtu akibisha, hawabishani kwa maneno. Wanakwenda kumwangalia shahidi. Kwa mimea, tangu mwaka 1958 jina jipya haliwi halali bila kumtaja shahidi huyo. Na hadi mwisho wa mwaka 2011, maelezo ya mmea mpya yalipaswa kuwa na sehemu ya Kilatini. Tangu 2012 Kiingereza nacho kinakubalika. Kwa hiyo mwaka 1994, mwanzi wa Nyanda za Juu Kusini ulitambulishwa kwa walimwengu kwa lugha ya Warumi.

Kwa mianzi kazi hii ina mtego wake. Mimea inapangwa kwenye koo kwa kuangalia maua, na mwanzi hautoi maua kila mwaka kama mbaazi. Mianzi mingi inakaa miaka kumi, ishirini, hamsini, mingine zaidi ya mia, ndipo inachanua. Tena mara nyingi inachanua yote kwa pamoja, inatoa mbegu, kisha inakufa. Huko Mizoram, India, kuna mwanzi unaochanua kila baada ya miaka 48 hivi; panya wanazaliana kwa kula mbegu zake, kisha wanahamia mashambani. Njaa iliyotokana na maua ya mwaka 1959 ilichochea uasi uliozuka mwaka 1966. Naam, maua ya mwanzi yameshawahi kuchangia vita!

Hebu fikiria sasa mtaalamu anayetafuta maua ya mwanzi mwembamba ulio juu ya miti mirefu, kwenye msitu wenye ukungu, na hajui utachanua mwaka gani. Anaweza kufika mwaka 1970 na kukuta majani matupu, akastaafu, akafa, mwanzi ndio unajiandaa kuchanua.

Mtego wa pili ni umbo. Mmarekani Floyd McClure, aliyeitumikia mianzi maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1970, alilalamika sana kwamba watu wanakusanya mianzi kama wanavyokusanya maua ya bustani. Ncha ya tawi na majani vinaenea vizuri kwenye karatasi, lakini mambo yanayoutambulisha mwanzi yamebaki porini: ganda linalofunika shina changa, namna matawi yanavyotokea kwenye kifundo, na shina la chini ya ardhi linavyotambaa. Ni sawa na kumpiga mtu picha ya pasipoti ya kiwiko.

Na kwa mwanzi unaopanda miti hali ni mbaya zaidi. Hauna vikonyo vya kujizungusha kama zabibu. Shina lake jembamba linarefuka haraka, linashindwa kusimama lenyewe, linaegemea mti wa jirani, na matawi yake yanajishika kwenye matawi ya wenzake. Mguu uko chini gizani na kichwa kiko juu kwenye jua. Mkusanyaji asiyepanda mti anapata mguu tu.

Aliyeufungua mkufuli huu ni mwanamke aitwaye Soejatmi Dransfield, mzaliwa wa Indonesia, aliyefanya kazi yake katika Bustani ya Kifalme ya Mimea, Kew, London. Huyu mama kwenye mambo ya mianzi ni kigogo hasa. Mwaka 1993 mtaalamu wa Malaysia, K. M. Wong, aliipa jenasi nzima ya mwanzi jina lake, Soejatmia. Mwaka uliofuata mama huyo akachapisha kazi yake kuhusu jenasi ya Hickelia kwenye jarida la Kew, na ndani yake ndimo mwanzi wetu ulipopata jina.

Kwa nini Hickelia? Jenasi hii iliundwa mwaka 1924 na Aimée Camus, Mfaransa aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya viumbe jijini Paris. Baba yake naye alikuwa mtaalamu wa mimea na aliandika kitabu kizima juu ya mianzi mwaka 1913. Camus aliipa jenasi jina la Robert Hickel, mtaalamu wa misitu aliyeshirikiana naye kuandika juu ya miti ya Indochina. Spishi aliyoanza nayo ilitoka Madagaska.

Hapo ndipo penye utamu wa habari yote. Hickelia nyingine zote zinatoka Madagaska. Siyo Hickelia peke yake. Ukoo mzima ambamo jenasi hii imo umekaa visiwani, Madagaska na majirani zake wa Bahari ya Hindi. Mwakilishi wake Afrika bara ni huyu mmoja, anayeishi kwenye misitu ya milima ya kusini mwa Tanzania. Ndiyo maana ya africana: Hickelia ya Afrika, aliye mbali na ndugu zake.

Alifikaje? Mlango wa Msumbiji, hata mahali unapobana, una upana wa kilometa 400 hivi. Ni kweli Madagaska iliwahi kushikana na Afrika, lakini ziliachana takriban miaka milioni 160 iliyopita, na mianzi ya shina gumu ni mitoto sana ukilinganisha na umri huo. Kwa hiyo wazo kwamba ardhi ilipasuka na kuwatenganisha ndugu halisimami. Mtu fulani katika ukoo huu, ama kwa mbegu ama kwa kipande cha shina, alivuka bahari.

Wasomaji wa pwani hawatashangaa, maana bahari hiyo imevukwa sana na watu pia. Kimalagasi ni ndugu wa lugha za Asia ya kusini mashariki, na neno lake la mwanzi, volo, ni ndugu wa buluh la Kimalei. Lakini ng'ombe wanamwita omby, kuku ni akoho, kondoo ni ondry. Mnayasikia maneno ya kwetu humo? Mifugo ilikwenda na majina yake. Mwanzi ulivuka kimya kimya, kabla ya kuwapo mtu wa kuuita.

Hayo yote tumeyajua kwa sababu mtu alikaa chini akaandika maelezo sahihi. Kabla ya 1994, mwanzi ule ulikuwa mwanzi tu. Baada ya kupewa jina ukawa na ndugu, ukawa na historia, ukaanza kuuliza maswali ya bahari na mabara. Jina la kisayansi lina kazi kubwa kuliko lebo ya dukani. Linakuambia mwenye jina hilo ni wa ukoo gani.

Na mama Soejatmi hakuishia hapo. Mwaka 2016 alichapisha jenasi nyingine mpya ya mianzi inayopanda miti, safari hii ya Madagaska, akaiita Sokinochloa, yenye spishi saba. Sokina kwa Kimalagasi ni yule mnyama mdogo wa miiba anayefanana na nungunungu aliyepungua, kwa sababu mashada ya maua ya mianzi hiyo ni ya mviringo na yana miiba miiba. Mianzi hiyo inachanua kila baada ya miaka 10 hadi 50, na ndiyo sababu kazi ya kuieleza ilichukua miaka mingi. Nimelipenda jina lile. Neno la wanakijiji wa Madagaska limeingia kwenye Kigiriki na Kilatini, na huko litakaa hadi mwisho wa dunia.

Hata mwanzi wetu wa milimani umepata bahati kama hiyo. Schumann aliuita Arundinaria mwaka 1895. Mwaka 1974 ukahamishiwa Yushania, mwaka 1989 ukaitwa Sinarundinaria, majina yenye harufu ya China. Hatimaye mwaka 2013 Chris Stapleton akaona kwamba haufanani na wa Asia, akaupa jenasi yake mwenyewe: Oldeania, kutokana na Mlima Oldeani kule Ngorongoro, jina linalotokana na neno la Kimaasai la mwanzi. Miaka 118 ya kuzunguka kwenye majina ya wengine, halafu ukarudi kwenye jina ambalo Wamaasai walikuwa nalo siku zote.

Lakini cheti kinaweza kuungua. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, hebaria ya Berlin ilipigwa bomu na kuteketea. Humo ndimo Wajerumani walimohifadhi sampuli walizokusanya Afrika Mashariki, na mamilioni ya kurasa yakawa majivu kwa usiku mmoja. Mashahidi wa majina mengi ya mimea ya kwetu walikufa katika vita ambayo sisi hatukuianzisha, kwenye mji ambao mabibi na mababu zetu hawakuwahi kuuona. Tangu hapo wataalamu wamelazimika kutafuta nakala zilizopelekwa miji mingine, au kuchagua mashahidi wapya.

Tuna hebaria zetu pia, jamani. Ile ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902 na ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Arusha ipo ya taifa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ya kwake. Ule mradi wa kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki nao ulikamilika mwaka 2012, na una spishi zaidi ya 12,000. Picha za sampuli nyingi sasa unaweza kuziona kwenye simu yako ukiwa umekaa kwenye foleni ya Ubungo.

Mtu ataniuliza, basi jina linatusaidia nini sisi wa mjini? Jibu langu ni la kiofisi kabisa. Kiumbe kisicho na jina hakiwezi kuorodheshwa kwamba kiko hatarini. Mtu akitaka kufyeka msitu, wataalamu wanaokwenda kukagua wanaandika orodha ya majina, na asiye na jina hayumo kwenye orodha. Ukifyekwa hakuna aliyepotea, maana kwenye karatasi hakuna aliyekuwepo.

Mwaka huo huo wa 1994 alielezwa pia kwale wa Udzungwa, ndege ambaye sayansi ilikuwa haimjui. Alianzaje kujulikana? Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini waliona miguu ya ajabu kwenye sufuria ya mboga! Aliyepika alijua anapika nini. Watafiti ndio walikuwa hawajui. Na kipunji, yule kima wa Rungwe aliyetangazwa duniani mwaka 2005, alianza kufuatiliwa mwaka 2003 baada ya watafiti kuwasikia Wanyakyusa wakimtaja. Walisikia jina, wakaliandika, wakaenda kumtafuta mwenyewe. Leo hata kwenye jina lake la kisayansi neno kipunji limo.

Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa nani aligundua, nina jibu ninaloliamini. Wazee wetu walijua, na kujua kwao ni kujua kweli. Ila kujua kulikokaa kichwani kunazikwa na mwenye kichwa. Anayeandika, akaweka sampuli na tarehe na mahali, anaufanya ujuzi huo uweze kukaguliwa na mtu ambaye hajazaliwa. Kosa la neno "wagundua" ni kwamba linamfuta wa kwanza. Na kosa letu sisi wenye wazee ni kwamba tunawaacha wafutwe.

Nasema hivyo nikijinyooshea kidole mwenyewe. Desemba iliyopita nilikwenda Mufindi na daftari. Nilimuuliza shangazi jina la ule mwanzi mwembamba unaopanda miti. Akafikiri, akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunasema mwanzi tu. Mambo ya msituni alikuwa nayo babu yako." Nikaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa rika la babu. Alinipokea vizuri, akanipa kikombe cha ulanzi, akanitajia majina ya miti hadi mkono wangu ukachoka kuandika. Nilipofika kwenye mwanzi ule alinyamaza kitambo, akasema alikuwa analijua.

Nilikwenda hadi pale babu aliposimama. Ukingo wa msitu umerudi nyuma, na ule mti mkubwa sikuuona. Siwezi kusema kwamba mwanzi ule ulikuwa Hickelia africana. Ningependa sana kusema hivyo, habari ingenoga. Lakini sina jani, sina ua, sina tarehe kamili, sina hata jina. Nina kumbukumbu ya mtoto wa darasa la nne, na kwa masharti niliyowaeleza hapo juu, hiyo siyo sampuli. Mtaalamu yeyote angeniangalia kwa huruma na kunipa kiti.

Mzee yule tuliagana nikamwachia namba yangu. Alisema jina likimrudia atamwambia mjukuu wake anipigie. Ni miezi kadhaa sasa. Namba ngeni yoyote ikiingia yenye mtu anayeanza na "Kamwene", moyo unaruka kidogo.

Nyie mnaopanda mabasi ya mikoani sikukuu hizi, mkifika mkawakuta wazee bado wapo, waulizeni majina. Rekodini kwa simu, hata kama hamjui yatatumika wapi. Andikeni na mahali, na siku.

Wikiendi njema.